Sijala, Nimekunywa

Mama,

Shikamoo, hata kama hakuna wa kuitikia marahaba.

Baba bado anailaani ile mashine ya Dar. Kila anayekuja kutoa pole anasimuliwa jinsi mimi na wewe tulivyosafiri kutwa nzima kutoka Kwa Sadala, tukafika, tukaambiwa mashine ni mbovu. Mashine haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyemdanganya, na wewe ukaninyamazia.

Daktari wa Moshi alitaka kujua kama uvimbe wa kwenye pafu umesambaa. Alinieleza kwamba kipimo hicho cha mwili mzima hutumia dawa inayofanana na sukari. Uvimbe unaimeza, ndipo unaonekana kwenye picha. Damu ikijaa sukari, dawa haipati nafasi. Na wewe ulikuwa mgonjwa wa sukari miaka na miaka. Nikakuambia hadi ukachoka kunisikia: "Mama, usile kitu." Ukaitikia, "Sawa, sili."

Na kweli hukula. Asubuhi ile, mimi nikiwa naoga, Mama Mdogo, tuliyefikia kwake Dar, alikupa bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Angemwachaje dada yake mgonjwa atoke na tumbo tupu? Kwetu mtori unanywewa. Mzazi aliyetoka kujifungua ananywa mtori, mgonjwa ananywa mtori. Sijawahi kusikia mtu akisema amekula mtori. Nesi alipouliza kama umekula, nilijibu mimi kabla hujafungua mdomo, kwa kiburi cha mtu aliyesoma: "Hajala." Akakutoboa kidole. Sukari kumi na saba. Akasema haiwezekani leo.

"Sijala, mwanangu. Nimekunywa."

Nilikufokea mbele ya watu, Mama. Nilisema unajiua kwa ulafi. Ulafi! Wewe uliyetugawia nyama zote ukabaki na mchuzi. Tukapewa tarehe nyingine, mwezi mzima mbele, na hukuifikia.

Msibani walisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilitamani kumfukuza aliyeanza. Yangu ilikuwa na kosa, tena la neno moja tu. Ningesema usitie kitu mdomoni isipokuwa maji, ungetii, maana ulikuwa mtu wa kutii. Nimemkasirikia Mama Mdogo hadi sipokei simu zake. Nimekukasirikia hata wewe, huko kihambani, chini ya migomba yetu, tulikokulaza. Hasira hizo huja zikaisha. Ya kujichukia mwenyewe haiishi.

Daktari anasema pengine picha ile isingebadili kitu. Anasema kwa huruma, na huruma yake inaniudhi.

Unakumbuka tulipotoka nje? Nilikuwa nalia kwa hasira. Ukanifuta uso kwa upindo wa kanga yako, ukasema, "Pole, mwanangu, nimekuchosha." Mwenye uvimbe ndiye aliyenipa pole. Nami sikukushukuru, nikatazama pembeni kama mtu asiyekujua. Samahani, Mama. Samahani sana. Naandika kwa sababu sikulisema neno hili ulipokuwa na masikio ya kulisikia.

Jumapili baada ya misa nitamketisha Baba nimweleze yote, hata lile neno nililokutukana. Akinifukuza, nitaondoka.

Lala, Mama. Hukuwa mlafi. Ulikuwa na njaa, na ulifanya kama nilivyokuambia.

Mwanao,
Anjela