Kware Hasimami Mbele

Jumapili, 4 Mei 2025

Gudo amekufa leo. Shujaa wangu wa ngao katika mchezo wetu wa mezani, nimemcheza mwaka mzima. Jitu lilimwangusha darajani wakati wenzake wanakimbia. Nilirusha dadu, ikakataa. Nikarusha tena, ikakataa. Basi. Zeddy, ambaye ndiye hutusimulia mchezo, alifunga daftari lake polepole. "Pole, Owino. Amekufa vizuri."

Mganga wa Fancy hakumfikia Gudo kwa wakati. Maxwel akaenda kutuletea chai. Tunachezea dukani kwake hapa Rhonda, anakorekebisha simu, kila Jumapili tukitoka kanisa.

Nilidhani nitaumia. Wapi. Nilisikia tu mabega yakishuka, kama mtu aliyetua gunia.

Zeddy akauliza nitaunda nani sasa. Maxwel akanijibia: mwingine wa ngao, si ndio? Bila mtu wa mbele tutamalizwa wote.

Nikasema hapana. Safari hii nataka mtu wa mbali.

Kesho asubuhi narudi Mai Mahiu, kazini.

Jumanne, 6 Mei

Lori la kabeji limelala ubavu pale chini ya mteremko. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu. Mimi na Kigen tumeshinda hapo kwa mvua na ukungu, kuvuta, kusimama, kuvuta tena, watu wakiokota kabeji miguuni mwetu. Kebo imenikata kiganja kupitia glavu.

Kigen ndiye dereva wa breakdown yetu, gari la kuvuta magari yaliyoanguka, na winchi inayovuta kebo ni yake. Mimi ndiye huingia. Chini ya lori, ndani ya kebini, popote. Mimi ni mwembamba na yeye mgongo wake mbovu. Tumefanya hivi tangu kabla ya korona. Siku hizi hatuhitaji hata kuongea.

Tukingoja trafiki wafungue barabara nikatoa karatasi nianze kuunda mtu wangu. Kigen akauliza huo ni mtihani wa nini. Nikamweleza. Mnakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake kwa karatasi. Mwenzenu anasimulia: mko msituni, jitu hili hapa, mnafanya nini? Unasema unachofanya, dadu inaamua kama umeweza.

Akafikiria. "Na nani anashinda?"

"Hakuna anayeshinda. Mnaendelea tu."

"Kama kazi," akasema.

Mtu wangu anaitwa Kware. Kama yule ndege wa kwenye nyasi, humwoni mpaka umkaribie kumkanyaga. Ni mwizi, mwenye upinde. Pointi nyingi nimeweka kwa wepesi, maana kulenga, kujificha na kukwepa vyote vinatoka hapo. Nguvu nimempa kidogo kabisa. Za nini? Hatabeba mtu.

Alhamisi, 8 Mei

Bosi amepiga simu. Dada wa ofisi ya Nakuru anaenda kujifungua na hatarudi. Anataka mtu anayeijua barabara akae pale, apokee simu, atume magari. Ningelala kwangu kila siku. Amesema nimpe jibu wiki ijayo.

Kigen alikuwa nje akipaka winchi grisi. Akauliza ni nani huyo. Nikasema bosi, anauliza habari ya dizeli.

Nimechoka. Si ya mwili. Ya mwili inaisha ukilala.

Jumapili, 11 Mei

Zeddy alikuja mapema tukammalizia Kware. Yeye ni mwalimu, akikuonyesha kitu anakuonyesha hadi mwisho. Mimi nilitaka ule upinde mzito wa chuma kwa sababu unaumiza zaidi. Akasema mwizi hategemei ukubwa wa upinde. Anategemea pigo la kuvizia: mara moja kila zamu, ukimpata adui hajakuona, unaongezewa dadu, na hizo ndizo zinaua. Kwa hivyo chukua upinde mwepesi. Ujuzi wako uweke kwa kunyata, na kwa kuona pia. "Mwenye upinde asiyeona anatupa vijiti tu."

Nikachukua pia mbinu ya kulenga. Ukikubali kutotembea zamu hiyo, unarusha dadu mbili na kubaki na ile kubwa. Kukaa mahali pamoja. Kutulia, kuvuta pumzi. Hiyo hata bila mchezo ningeichukua.

Halafu tukaingia pango la majambazi. Kware akapanda juu ya mwamba kujificha, na dadu ikakataa. Ameonekana! Zamu ya kwanza tu. Nikajua pigo limepotea. Zeddy akasema kuna njia nyingine. Hata ukionekana, pigo la kuvizia linakubali kama kuna mwenzako amesimama karibu na adui, anamsumbua.

Wa mbele alikuwa Gudo. Mchawi wa Maxwel ni dhaifu kama karatasi, kofi moja amekufa. Fancy akasukuma mganga wake, ambaye mezani ni kifuniko cha soda, akamweka ana kwa ana na jambazi mkuu.

Nikalenga. Dadu mbili, kubwa ikawa kumi na tisa kwa ishirini. Zile za kuongezwa nazo zikaja zote juu. Jambazi mkuu chini, kwa mshale mmoja. Maxwel aligonga meza hadi chai ikamwagika.

Ilikuwa tamu. Tamu kuliko chochote alichowahi kufanya Gudo.

Kisha zamu ikawa ya wale majambazi wengine, na wote wakamwendea Fancy. Alikuwa anafuta pointi zake za uhai kwa raba, anaandika, anafuta tena. Alibaki na moja.

"Wewe endelea tu kulenga," akaniambia. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Jumatano, 14 Mei

Pikapu na trela. Sitaandika yote. Kuna mama alikuwa amebanwa miguu. Niliingia kwa dirisha la nyuma nikamshikilia shingo wakati Kigen anavuta. Alinishika shati hapa kifuani, hakuachilia. Alikuwa ananiambia kuhusu kuku wake, vile mmoja hutagia kwa kiti cha mzee. Ametoka hai. Ambulensi imemchukua.

Yule tanboi, utingo wa lori la Machi, hakutoka hai. Yeye pia alinishika shati.

Nimempigia bosi. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 18 Mei

Kware sasa anaeleweka. Kosa langu lilikuwa kupiga na kubaki pale pale. Zeddy alinionyesha: mwizi anaruhusiwa kujificha haraka ndani ya zamu ile ile aliyopiga. Kwa hivyo piga, rudi nyuma ya jiwe, nyata. Zamu inayofuata chungulia, piga, rudi. Leo maadui walizunguka wakitafuta mshale umetoka wapi. Hakuna aliyemgusa. Nimemaliza mchezo na uhai wote, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nianze kucheza.

Fancy naye amembadilisha mganga wake. Amemvalisha chuma, amempa ngao. "Kama ni kuchapwa, nichapwe nikiwa nimevaa." Anasimama mbele sasa, mimi namalizia kutoka nyuma. Tumekuwa wazuri, hata Maxwel amekubali.

Tulitembea pamoja hadi barabara ya lami. Fancy anauza dawa za mifugo pale kwa agrovet, na ana ile tabia ya kuuliza mtu maswali kama ng'ombe mgonjwa: umekula? unalala? tangu lini? Nikajikuta nimemwambia habari ya ofisi.

"Kigen anajua?"

"Bado."

"Na nani ataingia ndani ya hayo magari?"

"Bosi atatafuta mtu."

"Sijakuuliza bosi atafanya nini."

Akasimama akanunua mahindi ya kuchoma, akavunja, akanipa nusu. Tukala. Baadaye akasema hanilaumu. Aliniona mwezi wa tatu, nimekaa mezani nacheza, macho hayako. "Enda ofisi, Owino. Lakini mwambie huyo mtu wako. Asisikie kwa watu."

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia. Tulikuwa kwa kibanda cha chai, malori yamejipanga nje, mvua. Kigen alimaliza mandazi kwanza.

"Nilijua si dizeli," akasema.

Nikaanza kueleza, kwamba ni nafasi, kwamba ni karibu na nyumbani. Akainua mkono.

"Wangeniita mimi ningeenda. Kwani mimi napenda huku?" Akapangusa vidole. "Kitu moja tu. Ukiwa huko ofisini usiniongeleshe kama watu wa ofisi. Ati gari iko kwa hali gani, tafadhali thibitisha. Niongeleshe vile unaniongelesha."

Nikasema sawa.

Mchana wote hatukuitwa popote. Alilala kwenye usukani. Mimi nilikuwa naangalia ule mteremko ukitokea kwa ukungu na kupotea, na sikusikia furaha niliyokuwa nangoja.

Jumapili, 25 Mei

Mchezo mfupi, Zeddy ana mitihani ya kusahihisha. Kware alipiga mshale kutoka juu ya mnara, mbali sana, adui hata hakugeuza kichwa. Maxwel akasema hakuna mtu hatari kama huyu kwa meza yetu. Zeddy akakubali.

Mganga wa Fancy alianguka mara mbili. Mara ya pili nilimwuliza Zeddy kama Kware anaweza kushuka amburute. Akapima kwa rula. Mbali sana, akasema. Hiyo ni zamu mbili, na hana nguvu ya kumvuta mtu mwenye chuma.

Maxwel alimwokoa kwa uchawi. Hakuna neno. Lakini hiyo "mbali sana" nimetembea nayo hadi nyumbani.

Kesho naanza ofisi.

Jumatatu, 26 Mei

Meza. Simu mbili. Birika la umeme. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nimetuma gari Gilgil, lingine Subukia. Saa kumi na moja nilikuwa kwangu, viatu ni vikavu.

Mtu aliyeandikwa mahali pangu ni welda kutoka Naivasha. Kigen amepiga jioni. Anasema ni mtu mzuri, ana nguvu kama winchi yenyewe. Shida ni mabega. Leo walimjaribu kwa dirisha la pikapu, hakupita.

Nikauliza, sasa?

"Sasa tutaona," akasema.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa na karatasi ya Kware kwa meza. Amepanda ngazi, kwa hivyo anaongezewa uwezo mmoja, nilikuwa nachagua kati ya kuongeza wepesi na ile mbinu ya kupiga mbali zaidi bila kukosea. Simu ikalia. Kigen.

Lori limegonga ukuta wa barabara kwenye mteremko, dereva amebanwa ndani. Ambulensi inakuja lakini foleni imefunga juu na chini. Nikamwuliza nani anaingia.

"Welda hapiti. Naingia mimi."

"Na mgongo?"

"Mgongo tutaongea nao kesho."

Nikatuma gari la pili kutoka Naivasha kwa ile simu nyingine. Nikarudi kwa simu. Hakuwa amekata, nilisikia vioo, nilisikia akihema kama mtu anapanda mlima. Kisha sauti yake karibu sana.

"Owino. Huyu analala, na asilale. Mimi nahitaji mikono yote mbili. Nakuweka kwa spika, nakuacha hapa begani kwake. Mwongeleshe."

Siku zote mtu hunishika shati, halafu maneno huja yenyewe. Hapa nilikuwa nimeshika meza.

"Boss," nikasema. "Unaitwa nani?"

Nikauliza tena.

"Kimutai."

"Wa wapi, Kimutai?"

"Kabazi."

Nikamwuliza wamepanda nini mwaka huu. Viazi, akasema. Na mahindi kidogo. Mvua imezidi, viazi vitaozea chini, ndugu yake amekataa kuchimba mitaro. Nikamwambia huyo ndugu ni mvivu. Nadhani alicheka, au alikohoa. Akanyamaza. Nikamwita. Akarudi, akaniambia kuhusu mitaro tena, toka mwanzo, kama hajaniambia. Nyuma yake nilisikia winchi ikianza, na Kigen akimfokea welda: polepole, polepole.

Halafu Kimutai akauliza, sauti ndogo, "Boss, uko karibu?"

Nikaangalia dirisha. Ukuta wa jirani, nguo za mtu zimelowa kwa kamba.

"Niko hapa," nikamwambia.

"Sikuoni."

"Niko upande wa bega lako. Usigeuze shingo. Mimi nakuona."

Akasema sawa. Akashusha pumzi, ndefu, kama mtu amewekewa mto. Kisha kitu kizito kikaanguka, Kigen akaita jina, sijui la Kimutai au langu, na simu ikakatika.

Nimepiga. Mteja hapatikani. Nimepiga tena. Namba ya welda sina. Gari la pili linasema limekwama kwa foleni, linaona taa za polisi kwa mbali tu.

Naandika ili mkono ufanye kitu. Bosi amechungulia mlangoni, ameuliza kama nimetuma gari. Nimesema nimetuma. Akaniangalia. "Mbona umesimama?"

Sikuwa nimejua.

Napiga tena. Safari hii inaita.