Visanduku Viwili kwenye Fomu ya Mama

Chumba Na. 4,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumanne, 4 Machi.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko mgodini, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tunapumua. Ningekupigia, ila simu yako haishiki wiki ya tatu sasa.

Mama anafanyiwa operesheni ya mawe ya nyongo Jumatano ijayo. Fomu ya hospitali ni ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye mkalimani wa ukoo mzima, niliijaza. Ilikuwa na visanduku viwili: “side effect” na “allergy”. Nikakumbuka ulivyosema ulipomrudisha kutoka kung'olewa jino, kwamba sindano ilimsumbua kidogo. Nikatia tiki kwenye cha kwanza, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Juzi muuguzi alinieleza tofauti yake. “Side effect” ni usumbufu unaokuja na dawa, kama kichefuchefu au kizunguzungu. Mgonjwa anaweza kupewa tena. “Allergy” ni mwili kuikataa dawa yenyewe: unavimba, pumzi inabana, na ukirudia unaweza kufa. Sindano ile ile ndiyo atakayochomwa kabla ya kupasuliwa.

Jana natafuta kifungo kwenye kopo langu, nikakuta pete ya ndoa ya Mama imekatwa kwa koleo. Anadai ilimbana alipokuwa mnene. Kaka, Mama amekuwa mnene lini? Naogopa, na nimekukasirikia, sikufichi.

Nimemwambia muuguzi nina shaka. Daktari anataka kauli ya mtu aliyeona, maana Mama mwenyewe anakana kila kitu. Operesheni imeahirishwa mara mbili, na anaogopa wakiahirisha tena hawatamwita. Siku ile ya jino mlikuwa wawili tu.

Dereva aliyekuletea barua hii anageuza Ijumaa. Mpe jibu mkononi. Usiniandikie Kiingereza, wala hiyo “kidogo” yako. Niandikie ulichokiona: midomo yake ilikuwaje, alipumuaje, nani aliikata pete.

Nisalimie wifi na mapacha, shangazi anawabusu. Mungu akulinde ukiwa chini ya ardhi na ukitoka.

Mama naye anakusalimu. Amesema nikukumbushe kwamba ulimwahidi. Nimekukumbusha. Sasa ivunje hiyo ahadi.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Fundi