Nyongeza ya Cheti cha Tabia Njema

Kisumu,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Wakesho,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mguu wako unaendeleaje? Na Baba, bado anakataa dawa akidai amepona? Mimi mwili mzima, ila moyoni nina jambo, na hapa sina wa kumwambia bila kesho kulisikia sokoni Kibuye.

Unajua napika katika makao ya watoto. Mwezi uliopita wenye makao walitoa agizo: kila anayekaa na watoto, awe wa mshahara au wa kujitolea, alete cheti cha tabia njema, kile cha polisi cha kuonyesha huna kesi. Sikupinga, watoto lazima walindwe. Lakini msimamizi wetu, Bwana Ochieng', akasema pesa tumpe yeye, atulipie kwa pamoja. Na wa kujitolea watoe sawasawa na sisi wa mshahara.

Hapo machale yakanicheza. Unanijua, hata sukari ya dukani naipima tena nyumbani. Nilipokwenda kuchukuliwa alama za vidole nikasoma bei ukutani. Ilikuwa chini ya ile tuliyotoa. Si chini sana, kiasi tu cha mtu kudhani hatutaona. Tangu siku hiyo nikawa namchunguza Bwana Ochieng': viatu vipya, simu anazokwenda kupokelea nje, jinsi anavyofunga droo nikiingia. Nikawaeleza wenzangu jikoni, nao wakaanza kumwangalia kwa jicho baya.

Siku ya mkutano nikasimama. "Bwana Ochieng', bei iko ukutani. Hiyo nyongeza imeenda wapi? Na hawa wasiolipwa hata senti, unawatoza sawa na mimi kwa haki gani?"

"Mama, hiyo wacha tuongee baadaye kwa ofisi," akasema.

"Tuongee hapa hapa!" Wenzangu wakapiga meza.

Ndipo akainuka Mama Apiyo, mzee wa kujitolea anayewaogesha watoto wadogo. Kabla ya kuja mjini alikuwa akiparua magamba ya samaki kule Usenge, tangu usichana wake. Akatuonyesha viganja.

"Nyathina, pesa iko hapa. Ni samaki ilikula hii vidole. Mashine inakataa, narudi, inakataa tena. Na kila kurudi ni kulipa upya, hiyo nyongeza yenu ndio inalipa. Mimi ndio nilimwomba Ochieng' asiseme. Watu wataanza kuuliza, mbona cheti yake haitoki, kwani aliiba nini?"

Aliniita nyathina, mwanangu, hata wakati ule. Dada, nilikosa pa kuweka uso.

Usidhani Ochieng' nimemsamehe kabisa. Angetuambia, tungechanga kwa hiari. Pesa za watu hazipandishwi kimyakimya, hata kwa wema. Na bado nasema wa kujitolea asitozwe chochote. Makao ndiyo yanayotaka cheti, basi yalipe. Wakubwa wamesema watalifikiria. Mimi na neno hilo hatupatani, nitawafuatilia.

Lakini Mama Apiyo hajarudi kazini tangu mkutano ule. Nilimfuata kwake nikiwa na unga na sukari. Binti yake hakunikaribisha ndani. "Ameenda Usenge," akaniambia mlangoni. "Alisema huko hakuna mtu anauliza vidole yake." Siku hizi nawaogesha wale wadogo mwenyewe, nao wanalia kwamba sabuni inawaingia machoni. Wananiuliza bibi yao atarudi lini. Nawaambia karibuni, na ninajua nasema uongo.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa dukani, na mjomba fundi wa baiskeli. Baba naye mwambie cheti changu kimetoka Ijumaa, na kimeandikwa kwamba sina kosa lolote. Mwambie hilo tu, atafurahi. Mengine yabaki kwako.

Mdogo wako,
Mghoi