Nyundo ya Wimbo wa Tatu

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na lile gitaa ulilotishia kulichoma ni zima pia.

Albamu yetu, ile uliyosema ni mabati yanayogombana, imesifiwa gazetini ukurasa mzima! Mwandishi anasema hajawahi kusikia kelele zilizopangwa kwa akili namna hii. Mpiga ngoma wetu ameibandika habari hiyo kwenye friji, na tangu hapo haoshi vyombo.

Kilichomkosha zaidi mwandishi ni wimbo wa tatu. Anauliza ni nani huyo anayegonga chuma kwa hasira, anayeuacha mdundo na kuurudia apendavyo. Ni wewe, Baba. Siku ile ulipotufukuza gereji tulikuwa tunarekodi, nawe ukachukua nyundo ukaanza kuunyoosha mlango wa gari la mteja ili utuzidi sauti. Tulisahau kuzima mashine. Wenzangu walitaka kuufuta mlio ule. Nikawaambia wanifute mimi kwanza. Nyuma ya jalada tumeandika: "Nyundo: Baba."

Mama ameniambia sikio lako la kushoto halisikii tena, na la kulia linalifuata. Najua ulimkataza asiseme, lakini unamjua mama. Miaka miwili ya kununiana inatosha.

Nakutumia CD sasa, kabla la kulia halijachoka. Keti karibu na spika, ufungue sauti hadi mwisho. Safari hii usituambie tupunguze. Anayepiga kelele ni wewe.

Binti yako,
mwenye kichwa kigumu kama chako