Magadi Miguuni

Dongobesh

Mjukuu wangu Regina,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Huku tuko salama. Ng'ombe wa mjomba wako amezaa ndama jike, na babu yako bado anabishana na redio.

Unaniuliza kama uache kile kikundi chenu cha mazoezi, kwa sababu kila Jumamosi unakuwa wa mwisho njiani na wenzako wanasimama kukungoja. Unasema unauonea aibu unene wako.

Mimi nilipokuwa msichana kule Hanang nilikuwa mnene kuliko wewe. Wasichana walipokwenda ziwani Balangida kuchota magadi ya mifugo, mama aliniambia, "Wewe baki, utawachelewesha." Dada yangu Martina alirudi jioni, miguu imepauka kwa magadi, anacheka mambo ya njiani nisiyoyajua. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Asubuhi nikachota magadi yake, nikajipaka miguuni hadi magotini, nikapita nyumba kwa nyumba ili nionekane na mimi nilikwenda. Hakuna aliyedanganyika. Magadi yakaniwasha siku mbili.

Sasa wewe una watu wanaosimama njiani kukungoja, halafu unataka kuwaacha! Regina, nakuambia kweli, nimekuonea wivu, na uzee wangu huu.

Jumamosi ukirudi, kabla hujanawa, piga picha miguu yako ikiwa na vumbi, uitume kwenye simu ya mjomba wako. Nataka kumwonyesha Martina.

Ni mimi bibi yako,
Mama Yohana