Sauti Marufuku Kariakoo

Shikamoo shangazi,

Itangazwe kwa watu wote wa Pangani kwamba hapa Kariakoo sauti imepigwa marufuku. Maktaba yetu ndogo imetundika kibao: KIMYA. Jana karani wa maktaba alitaka kumtoa nje Bi Tatu, muuza vitumbua aliyejifunza kusoma Kiswahili humo humo, katika darasa la watu wazima, kwa sababu anasoma daftari lake la darasani kwa sauti.

“Mwanangu, nikinyamaza nitajuaje kama nasoma?”

Wenzake darasani wakainuka. “Akitoka, na sisi tunatoka!”

Karani akasalimu amri. “Haya mama, chagua kitabu, usome upendavyo.”

Mungu akuweke, shangazi. Nakukumbuka kila nikila kitumbua. Bi Tatu alipekua rafu zote. Vitabu vyote ni vya Kiingereza.

Mwanao, Saidi