Sauti ya Premio

Kibra, Nairobi
14 Januari 2024

Kwa Baba yangu mpenzi, Rajab Marjan,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta buheri wa afya, magoti yametulia na kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo, ila vumbi la Januari limetukausha koo. Mume wangu Abdul-Latif anakusalimu sana.

Baba, nimekubali kushindwa. Nikikupigia simu unasema "ndiyo, ndiyo," kisha unampa simu Aminah, yule mama wa chai wa kwenye steji yenu. Nikikutumia ujumbe husomi, unasema herufi za simu zimekuwa sisimizi wa sukari. Basi nimerudi kwenye kalamu kama ulivyotaka. Wandera, dereva wa basi la Kampala, amekubali kuwa posta yetu.

Nina swali. Abdul-Latif anataka kununua gari, na kila jioni anarudi na jina jipya. Nimemwambia angoje, kwetu Bwaise kuna mzee aliyebeba abiria miaka arobaini na hajawahi kuvutwa kwa kamba. Tununue gari gani, Baba, ambalo halitatumaliza kwa mafuta?

Mwanao,
Lailah


Bwaise, Kampala
2 Februari 2024

Binti yangu Lailah,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, kikohozi kimehamia kwa jirani. Nisalimie watu wote wa Kibra, hata yule mama mkwe wako asiyecheka.

Mwambie mumeo anunue Toyota. Barua ingeweza kuishia hapo, lakini nawajua watu wa Nairobi, jibu fupi mnaona mmepunjwa.

Nimemiliki tatu. Ya kwanza ilikuwa Corona, niliinunua kwa askari aliyekuwa anastaafu. Ndiyo iliyompeleka mama yako, Mungu amrehemu, akajifungue wewe. Alipiga kelele njia nzima, gari halikutoa hata mlio mmoja. Ya pili Carina. Ya tatu ndiyo hii Premio nyeupe, huu mwaka wa kumi na tatu. Ojara, fundi wangu, hulalamika: "Mzee Rajab, wateja wote wangekuwa kama wewe, mimi na watoto tungekula upepo." Badilisheni oili kwa wakati, msisahau maji, msimwazime shemeji. Spea zake utazipata hata kwa muuza nyanya.

Zamani nilikuwa na mbinu moja ya mafuta. Nikitoka Makerere kushuka mteremko wa Kavule mpaka hapa Bwaise, naweka gia frii, nazima injini, gari linashuka lenyewe kimya kimya. Siku hizi nimeacha. Aminah amenikataza. Aliniambia, "Mzee Rajab, bambi, nakuomba, usizime. Mimi napenda kusikia gari yako ikikuja." Sasa mwanamke akikwambia hivyo, na wewe umefiwa na mke miaka sita, utafanya nini? Unaiacha injini iungurume.

Baba yako,
Rajab


Kibra
25 Februari 2024

Baba mpenzi,

Assalaam alaikum. Hali yako? Na hali ya mama wa chai? Nauliza kwa heshima tu, usininunie.

Tumenunua Toyota Vitz. Ndogo, ya buluu, na Abdul-Latif anaifuta kila asubuhi mpaka naona wivu. Tumekwenda Nakuru na kurudi, mshale wa mafuta haukuteremka kama tulivyoogopa. Asante, Baba.

Ila fundi wa huku ametuambia kuhusu ile mbinu yako. Anasema injini za siku hizi, ukishuka mlima gia ikiwa ndani, zenyewe hukata mafuta. Kuzima hakuokoi hata tone, na breki inakuwa ngumu kama jiwe. Aminah amekukataza vizuri.

Jambo la pili. Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama kibao cha duka, na mistari inapanda juu kwa upande wa kushoto. Macho yako hayajambo?

Mwanao,
Lailah


Bwaise
17 Machi 2024

Binti yangu,

Salaam nyingi. Ramadhani inatuendea vizuri, kiu tu ndiyo mbaya, kwa maana abiria hawaishi maneno nami sina mate ya kuwajibu.

Mwambie huyo fundi kwamba mimi nilikuwa nazima injini mteremkoni kabla baba yake hajajua kufunga kamba za viatu. Na macho yangu yanaona yanayostahili kuonekana.

Njoo kwa Idd. Kuna neno nataka kukwambia uso kwa uso, linamhusu Aminah, na naona haya kuliandika.

Baba yako,
Rajab


Kibra
21 Aprili 2024

Baba mpenzi,

Assalaam alaikum. Nimefika salama, na kabalagala, zile chapati za ndizi alizonifungia Aminah, ziliisha kabla ya mpaka. Nakupongeza tena. Mama angempenda. Oa upesi, maana huyo mwanamke anakupenda kuliko unavyojua.

Sasa nisikilize bila hasira. Siku ya Idd mkono wako wa kushoto ulitafuta kikombe kilichokuwa mbele yako. Ulimsalimu Ojara mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hukujua ni yeye. Na kuna jambo jingine nililiona nilipokaa kando yako ndani ya gari tukishuka Kavule. Aminah aliniapisha nisikwambie, nami nikaapa. Sitalisema. Ila nakuomba kwa jina la mama yangu, nenda kwa daktari wa macho, na ufunguo mpe Ojara.

Mwanao,
Lailah


Bwaise
30 Juni 2024

Lailah, binti yangu,

Salaam. Nimekwenda. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko wewe, alinishika mkono aliponiambia, nikajua habari si njema. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linamfuata mwenzake taratibu. Dawa za matone zitalichelewesha. Yaliyokwenda hayarudi.

Mtaani hakuna anayejua, hata Aminah. Sijui nimwambieje. Aliniona nikiwa mtu mwenye gari, mtu anayekwenda na kurudi. Nikiacha gari mimi ni nani? Mzee wa kushikwa mkono kwenda msalani.

Barabara zote nazijua kwa moyo. Gari lenyewe halijawahi kunidanganya hata siku moja. Nikah tumeiweka Ijumaa ya tarehe 20 Desemba. Siku ya pili yake ufunguo utakuwa kwa Ojara, naapa. Niache nifike harusini kwangu nikiendesha.

Baba yako,
Rajab


Kibra
20 Julai 2024

Baba,

Assalaam alaikum. Nilitaka kukataa. Barua ya kukataa niliiandika nikaichana, mara mbili.

Sawa. Mpaka harusi. Usiendeshe jua likishazama, na mteremkoni msikilize Aminah.

Mimi ni mjamzito. Mtoto atakuja Januari inshallah.

Mwanao,
Lailah


Bwaise
3 Desemba 2024

Binti yangu Lailah,

Salaam. Ulishaambiwa kwa simu, na najua ulilia ukitaka kuja, mumeo akakuzuia kwa sababu ya tumbo. Alifanya vizuri. Nakuandikia ili usikie kwangu. Kama maneno yamepandana, nisamehe.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Novemba, asubuhi. Nilikuwa nimemshusha abiria Makerere. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka, nami sikutaka kugeuka kurudi kituo cha mafuta. Nikakumbuka mbinu yangu ya zamani. Nikajisemea, leo tu. Nikaweka frii, nikazima. Hata nilicheka peke yangu, nikasema leo nitamfikia Aminah kimya, nitamshtua.

Mvua ya juzi yake ilikuwa imefurikisha mtaro, na Aminah alikuwa amehamishia meza yake upande wa kushoto, kwenye ukingo wa lami. Mimi sikujua. Nilisikia meza kwanza. Halafu birika. Nikakanyaga breki, ikawa ngumu kama ulivyoniandikia. Watu walipopiga kelele ndipo nikajua kwamba kulikuwa na mtu. Alikata roho kabla ya adhuhuri, Lailah.

Polisi walinishika siku tisa. Mkaguzi alilipima gari, akaandika breki nzima, usukani mzima, halina kasoro. Kaka zake Aminah walikuja kituoni, wakasema ni kadari, hawashtaki. Kaka mkubwa akanikumbatia. Afadhali angenipiga.

Kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi, na hapa sina wa kumwuliza. Miaka mitano, kila nikishuka Kavule, Aminah alikuwa ameshasimama kabla sijafika. Kivuli chake nilikiona katikati ya barabara, mikono yote miwili juu, ananipungia. Hakukosa hata siku moja. Siku ile alikuwa ameketi, watu wanasema amenipa mgongo. Kwa nini hakusimama? Alikuwa amenichoka? Zilibaki wiki tano tufunge nikah. Pengine alikuwa amebadili nia akashindwa kuniambia. Wewe na yeye mlizungumza siku ya Idd. Niambie.

Baba yako,
Rajab


Kibra
15 Desemba 2024

Baba yangu,

Assalaam alaikum, na Mungu akupe subira, mimi sina ya kukugawia.

Nimekaa na barua yako siku nne. Nikinyamaza, utakufa ukiamini Aminah alikuchoka. Nikisema, utajua jambo ambalo ni zito zaidi. Nimeona bora usimdhanie vibaya yule mwanamke. Nisamehe.

Siku ya Idd, tulipoanza kushuka Kavule, nilitazama mbele nikaona mtaa mzima unainuka. Wauza viatu walivuta mikeka yao ndani. Wanawake waliinua mabeseni. Watu wa boda walisukuma pikipiki ukutani. Na Aminah alikuwa katikati ya barabara, mikono juu. Hakuwa anakupungia wewe, Baba. Alikuwa anawafukuza watu njiani.

Jioni nilimfuata nikamwuliza. Akasema, "Jicho lake moja limekufa, tunajua sisi wote. Tukisikia ile gari tunampisha. Usimwambie, bambi. Mzee atakufa na aibu." Ndiyo maana alikuomba usizime injini. Bwaise yote ilikuwa inakusikiliza. Hata wauzaji wapya walifundishwa sauti ya Premio kabla ya kufundishwa bei.

Hakukuchoka. Hakukusikia.

Mimi nilijua haya tangu Aprili. Nilijua, na Julai nikaandika "sawa." Ningekwambia, usingezima injini hata kama mafuta yangekwisha njiani. Nilikulinda na aibu. Usiseme nisijilaumu, maana wewe ungekuwa mimi ungejilaumu.

Nijibu. Hata neno moja.

Mwanao,
Lailah


Bwaise
20 Februari 2025

Lailah, binti yangu,

Salaam. Mwandiko huu ni wa Ojara, mimi nasema yeye anaandika. Barua yako pia alinisomea yeye, akasita mara nyingi, kwa sababu na yeye alikuwa mmoja wa waliojua.

Nimeambiwa umejifungua msichana na nyote wazima. Alhamdulillahi. Wandera anasema mnataka kumwita Aminah. Msimpe jina hilo. Sitaweza kumwita.

Nimechelewa kukujibu. Sikukukasirikia. Jicho la kulia nalo limekwenda. Naona mwanga wa mlango, basi. Chakula naletewa na majirani. Wanaweka sahani wanaondoka polepole. Hakuna aliyenitupia neno baya, na mimi kila siku nalingoja.

Gari lilirudi kutoka polisi. Hakuna anayetaka kulinunua hapa, wanalijua. Limesimama mbele ya nyumba, na Ojara huliwasha kila asubuhi ili betri isife. Linaitika ufunguo wa kwanza. Mimi huwa nimekaa kibarazani. Mara ya kwanza alipoliwasha nilisikia barabarani mabeseni yanainuliwa, viti vinaburuzwa, mtu anamwita mtoto atoke njiani. Miaka yote ile sikuwahi kuyasikia, maana nilikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Gari halikusogea hata hatua moja, lakini mtaa mzima ulisimama. Ojara akazima, wakakaa tena.

Nimemwambia aache kuliwasha. Amekataa, anasema ni dhambi kuua gari zima kama hili, lina miaka kumi mingine ndani yake. Basi kila asubuhi nayasikia mabeseni.

Mwambie Abdul-Latif nilimshauri vizuri. Ni magari ya kuaminika.

Baba yako,
Rajab